Kaburi Lililoshusha Bei

Katika mji wote wa Homa Bay hakuna mpangaji aliyefukuzwa kwa heshima nyingi kama Linet Awino. Wenye nyumba hawakumtukana wala kumtupia vyombo nje. Walikuja jioni, wakaketi kwenye stuli, wakaisifu chai yake, wakauliza hali ya mwanawe, halafu wakakohoa na kusema kwamba majirani wamelalamika tena kuhusu ile harufu.

Harufu yenyewe ilikuwa ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Linet aliiuza kwa jumla, na magunia yalilala naye chumbani kwa sababu stoo za sokoni zilikuwa na panya wenye bidii kuliko watahiniwa wa kidato cha nne. Omena hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe Maxwell mpaka akawa fundi wa umeme huko Nakuru. Ndiyo iliyomzika mumewe kwa heshima, na ndiyo iliyolipa kodi kila mwezi bila kuchelewa. Lakini omena haina adabu ya kujificha. Kwa hiyo mwenye nyumba wa sasa alipomaliza kuisifu chai, Linet alimwahi kabla hajakohoa.

"Nimejua, baba. Nipe mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Mzee wa watu alishukuru sana kwa kuokolewa kikohozi.

Usiku huo Linet hakulia. Alimpigia simu Zadock, mdogo wa marehemu mumewe, akamwambia kwamba amechoka kupanga. Alitaka nyumba yake mwenyewe, yenye ua mpana na kuta zake, ambamo omena ingenuka bila kuomba ruhusa ya mtu. Na aliitaka Migori, maana siku hizi wateja wake wengi walitoka upande huo, hasa wachimba dhahabu wa Macalder, ambao huweza kula omena asubuhi, mchana na jioni na bado wakauliza kama imebaki.

Hakukosea mtu wa kumpigia. Zadock alikuwa amehudhuria semina ya siku nzima, chakula cha mchana kikiwemo, juu ya namna ya kununua nyumba ambazo benki imezitwaa kwa wadeni wake. Alirudi na kalamu, cheti, na hekima isiyo na kipimo. Cheti alikitia fremu. Kwamba hajawahi kununua hata banda la kuku halikumsumbua. Yeye, alieleza, ni kama kocha, na hakuna anayemwuliza kocha amefunga mabao mangapi.

"Shemeji," alisema alipofika, akikaa kama mtu anayefungua kikao, "watu wengi hununua nyumba kwa macho. Sisi tutanunua kwa kasoro. Nyumba ya benki ikishuka bei, ujue kuna kitu kinaogopesha watu. Kazi yetu ni moja. Hicho kitu ni ugonjwa wa kweli, ama ni hofu tu? Kama ni ugonjwa, toroka. Kama ni hofu, nunua."

"Na kama ni vyote viwili?"

Zadock alifikiri. "Hapo hawakufika. Tuliitwa kwenda kula."

Linet naye alikuwa na elimu yake. Gunia la omena halitazamwi juu, kwa kuwa muuzaji yeyote mwenye akili hupanga juu zile zinazong'aa. Mkono huzamishwa mpaka kwenye kiwiko, ukatoa za chini, ukazinusa. Basi wakaanza kuzunguka, mmoja na kanuni zake na mwingine na kiwiko chake.

Nyumba ya kwanza haikuwa Migori bali Rangwe, kando ya barabara ya Homa Bay, ikiwa na paa jekundu na varanda ambayo Zadock aliipenda hadi akavua kofia. Linet hakupanda varanda. Alizunguka nyuma, akakuta alama kubwa ya X imepakwa rangi ukutani na watu wa barabara, kisha ikapakwa chokaa na mtu mwenye matumaini. Nusu ya jiko, choo chote, na mwembe mmoja vilisimama kwenye ardhi ya serikali.

"Hofu?" Zadock aliuliza.

"Ugonjwa," alisema Linet. "Na umeshafika mapafuni."

Ya pili ilikuwa Uriri. Linet alisisitiza waende mvua ikinyesha, jambo ambalo Zadock hakulielewa mpaka walipokaribishwa sebuleni na vyura. Kilichomaliza mazungumzo ni mpangaji aliyekuwa ndani, ambaye tangu benki itwae nyumba hakuwa akimlipa mtu yeyote. Aliwapokea kwa upole mkubwa, akiwa ameshika panga, akawaambia hana haraka ya kuhama. Wao pia wakagundua hawana haraka ya kukaa.

Ya tatu ndiyo hii tunayoiendea.

Ilisimama pembeni mwa mji wa Migori, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, tangi la maji na ua mpana ambao jua liliufikia toka asubuhi. Zadock alikwenda ofisi ya ardhi akahakikisha hati ni safi na deni ni lile la benki peke yake. Linet aligonga kuta, akachungulia mifereji ya paa, akawauliza majirani kama bomba hutoa maji au hewa. Kila jibu lilikuwa jema. Lakini dalali wa mnada alikuwa ameipiga mnada mara mbili, na mara mbili watu walikuja, wakatazama, wakakunja mikono yao kwapani wakaondoka. Mnada wa tatu ulikuwa Alhamisi, na ilisemekana benki ilikuwa tayari kupokea nusu ya thamani ya nyumba, mradi iitoe kichwani mwake.

Sababu haikuhitaji semina. Mbele ya nyumba, kati ya tangi na bustani ya sukuma wiki, palikuwa na kaburi.

Ni tuta la udongo mwekundu lenye msalaba wa mbao usio na jina. Lakini katika nchi hii nyumba ni kitu kimoja na kaburi ni kitu kingine kabisa. Nyumba hubadilisha mmiliki. Kaburi halibadilishi. Anayenunua boma lenye kaburi la watu wengine amewanunua pia wajomba watakaokuja kila Desemba kufyeka nyasi, ambao watamkuta sebuleni kwake na kumwuliza yeye ni nani. Mjaluo, Mkisii na Mkuria huweza kubishana kuhusu kila kitu mpaka chai ipoe, lakini juu ya hilo husimama upande mmoja.

Majirani walijua yote. Mwenye nyumba ni mzee Kerosi, Mkisii, mzee wa kanisa la Waadventista. Alikopa ili anunue lori la kubeba mchanga, na lori likapinduka kabla halijamaliza hata msimu mmoja. Aliyezikwa pale ni kaka yake Motari, aliyekuwa mgonjwa siku nyingi. Mazishi yalikuwa ya faragha. Watu walipeleka sukari.

"Hofu!" Zadock alinong'ona, macho yakimng'aa. "Shemeji, hofu tupu! Kaburi halivuji, halina mchwa, halidai kodi. Hii ndiyo ile nyumba!"

"Na wafiwa?"

"Wafiwa wamefanyaje?"

"Zadock, hili kaburi ni bichi. Utapitaje hapa kupima madirisha bila kuwapa watu pole?"

"Hilo halikuwa kwenye semina."

"Ndiyo sababu hujanunua nyumba."

Wakarudi Jumatatu, kwa adabu zote, na paketi mbili za sukari. Linet alibeba pia bakuli la omena, ile ya chini ya gunia aliyokuwa akijiwekea mwenyewe.

Mzee Kerosi aliwapokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la Sabato ingawa ilikuwa Jumatatu. Mkewe Nyaboke alileta chai. Walikuwa watu wanaojua kwamba mgeni huyu anaweza kuwa ndiye atakayewatoa kwenye vitanda vyao, na bado walimwekea kikombe kisicho na ufa.

"Poleni sana kwa msiba," alisema Linet.

"Asante," alisema Kerosi, akitazama dari.

"Marehemu aliugua kwa muda mrefu?"

"Mambo ya Mungu, mama."

"Na mlizika lini?"

"Mapenzi yake yatimizwe," alijibu Kerosi, na kwa bahati mbaya kijasho kikamtoka.

Linet aligeukia nje. Kupitia dirishani aliliona tuta vizuri, na mkono wake wa ndani ulikuwa umeshazama mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amehudhuria mazishi zaidi ya anayoweza kukumbuka, na hakuna yaliyoacha bustani ikiwa hai. Wanakuja mashangazi na kwaya, wanakuja vijana wa kubeba jeneza wanaotembea kinyumenyume, wanakuja watu wasiojulikana wanaofuata wali. Lakini hapa sukuma wiki ilisimama mpaka kwenye ukingo wa kaburi kwa mstari ulionyooka, kama wanafunzi wa bweni asubuhi ya ukaguzi. Hakuna jani lililokanyagwa.

Hakupata nafasi ya kuendelea kufikiri, kwa sababu lango lilisukumwa kwa fimbo. Akaingia mzee mfupi mwenye mfuko mgongoni, akasimama mbele ya tuta, akalitazama kwa makini kama mtu anayekagua shati alilonunuliwa bila kupimwa. Halafu akaja moja kwa moja mlangoni.

Nyaboke aliangusha trei. "Motari!"

"Ndiye," alisema mzee. "Nimesikia nimekufa. Nimekuja kuona mlivyonizika."

Hapa ni lazima, kwa masikitiko, tutaje mwenendo wa Zadock. Mtaalamu huyu, aliyetamka kwamba kaburi ni hofu tu, alipita dirishani. Alipita na kikombe chake, na mashahidi wanasema chai haikumwagika.

Waliobaki walisikia yote, maana Motari hakuwa mtu wa sauti ndogo. Huko Nyamira watu walikuwa wamempigia simu kumpa pole kwa kifo chake mwenyewe. Muuza duka alikataa kumpa chumvi kwa mkopo, akisema marehemu hawakopeshwi.

"Eleza, Kerosi! Wewe mzee wa kanisa! Lini nilikufa?"

"Mimi sikusema umekufa," alisema Kerosi, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba kitu. "Sijasema uongo hata mara moja, kaka. Nilichimba shimo la choo, udongo ukabaki. Nikaulundika hapo. Halafu nikapata mbao mbili nikazipigilia msumari. Watu wakiniuliza, nasema ni mambo ya Mungu. Kwani kuna kitu ambacho si mambo ya Mungu? Jina lako lilitoka kwa majirani. Mtaa ndio uliokuua."

"Na sukari? Sukari pia ni mtaa ulikula?"

Kerosi aliinamisha kichwa. "Sukari nilipokea."

"Sukari ya msiba wangu!" Motari alivuta kiti. "Nyaboke, niwekee chai. Vijiko vinne. Hiyo ni mali yangu."

Kicheko kilimtoka Linet kabla hajakizuia. Nyaboke akacheka pia, mkono mdomoni, halafu kicheko chake kikageuka njiani kikawa kilio.

"Tulifikiri wakikosa mnunuzi mara tatu, benki itachoka," alisema, akijifuta kwa leso. "Itatuachia. Mimi nina watoto wawili wa marehemu binti yangu wanaosoma hapa chini. Tutawapeleka wapi?"

Kutoka nyuma ya ua sauti ilisikika ikiita kwa kunong'ona, "Shemeji! Shemeji, ebu kuja!"

Linet alimkuta Zadock nyuma ya tangi, kikombe mkononi, amepata nguvu mpya.

"Umeelewa tulichopata?" alisema. "Kaburi ni tupu! Na hakuna mnunuzi mwingine anayejua. Alhamisi watakuja, wataona msalaba, watakunja mikono. Wewe unainua mkono peke yako. Nusu bei, shemeji! Usiseme kitu. Huyo marehemu anywe chai yake aende kwao na gari la jioni. Hatujamdanganya mtu. Ni wao wamejishushia bei wenyewe."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno, na Linet hakuona pa kuipinga. Hakulichimba yeye kaburi lile. Aliutazama ua. Aliona mahali ambapo angetandika nyavu za kuanikia, mahali pa mizani, mahali pa banda la magunia. Kwa nusu bei angeweza kujenga hata hilo banda. Kwa bei ya haki asingebaki na kitu, na kama wengine wangeshindana naye, asingeipata nyumba hata kidogo. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na mwenye nyumba wa Homa Bay asingekohoa mara mbili.

"Sawa," alimwambia Zadock. "Twende tuage."

Nyaboke alikuwa jikoni. Alimpa Linet bakuli lake, ameshaliosha. Kwa kawaida chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Lakini Linet alikuwa ameona jiko lile. Alikuwa ameona kopo la unga lililoinamishwa, rafu ya chini yenye chumvi peke yake, na hakutarajia kitu. Bakuli lilikuwa zito. Nyaboke alikuwa amelijaza sukuma wiki, majani machanga ya katikati, ambayo bado hayafai kuchumwa kwa sababu ukiyachuma mmea hukaa wiki nzima ukijiuliza.

"Ni hiyo tu, mama," alisema. "Imekaa karibu na... hapo. Lakini si kaburi, umesikia mwenyewe. Kula bila wasiwasi."

Linet alisimama na bakuli mikononi. Nje Zadock alikohoa kwa namna ya mtu anayekohoa kwa makusudi.

"Mama," alisema Linet, "ita mzee. Na huyo marehemu pia."

Walipokusanyika aliwaambia akiwa amesimama, haraka, kabla hajabadilisha nia. "Benki haichoki, mzee. Sisi ndio huchoka. Alhamisi watauza hii nyumba kwa bei yoyote, hata kwa mtu mmoja. Na ikiuzwa kwa nusu, deni lenu halitaisha. Kitakachobaki kitawafuata. Mtatoka hapa bila nyumba, na bado mtadaiwa. Hilo tuta halifukuzi wanunuzi. Linawapunguzia bei tu."

Zadock alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akaweka kikombe kichwani kama kofia.

Kerosi alimtazama Linet, akalitazama tuta. Halafu akashika ukuta. "Basi nimejizika mwenyewe," alisema.

"Na huyo mtu mmoja atakayenunua ni nani?" aliuliza Nyaboke.

"Ni mimi."

"Sasa kwa nini unatuambia?"

"Sijui," alisema Linet kwa hasira kidogo. "Labda ni hii sukuma."

Kisha akawaeleza njia mbili alizoziona. Ya kwanza, Motari apite sokoni kesho, asalimiane na watu, aonekane yuko hai. Habari zifike kila mahali, na Alhamisi wanunuzi watakuja wengi. Huenda bei ikapanda kuliko anayoweza kutoa yeye. Huenda pia isipande, maana watu wakishaogopa nyumba huwa hawana haraka ya kuacha kuogopa. Ya pili, waende naye benki kesho asubuhi, wauziane kwa hiari benki ikikubali, kwa bei itakayomaliza deni na kuwaachia wao kitu cha kuanzia.

"Mkichagua ya kwanza sitawalaumu," alisema. "Nitakuja kwenye mnada kama wengine."

Wazee walitoka wakasimama kando ya tangi wakizungumza Kikisii. Linet alibaki jikoni akilitazama bakuli. Alijua kwamba kwa dakika chache nyumba yake ilikuwa imekaa kwenye viganja vya watu watatu wasiomjua, mmoja wao akiwa amekufa rasmi.

"Shemeji," alisema Zadock kutoka chini ya kikombe, bila hasira. "Kama kaka angekuwa hai angesema wewe ni mjinga."

"Yeye mwenyewe alikuwa anaongeza wateja konzi mbili za omena za bure."

"Ndiyo. Walikuwa wajinga wawili." Akavua kikombe. "Kama ni ya pili, nina sehemu yangu pale kwenye sako, chama chetu cha akiba. Unaweza kuichukua. Haikuwa imepata nyumba ya kununua."

Motari ndiye aliyeingia kwanza. "Mimi sitatembea sokoni kuonyeshwa watu kama fahali wa mnada," alitangaza. "Tutauziana. Lakini bei ni lazima tuongee."

Wakaongea. Kerosi angekubali bei ya kwanza. Nyaboke angekubali ya pili. Marehemu ndiye aliyekuwa mgumu. Alipandisha, akakataa, akasimama, akachukua mfuko wake kama anayeondoka, akarudi, akaomba chai nyingine. Walipofika mahali ambapo Linet hakuwa na pa kuchota tena, hata kwa sehemu ya Zadock, alisema tu, "Baba, nimefika chini ya gunia," na Motari akamtazama usoni, akanyoosha mkono.

Benki walimkuta afisa kijana aliyekuwa amezoea watu wanaokuja kulia au kutisha. Alipoona mdaiwa na mnunuzi wamekaa kwenye benchi moja wakigawana njugu, aliwauliza mara mbili kama wanajuana. Alipoelewa, alikwenda kwa wakubwa zake karibu akikimbia. Mnada wa Alhamisi ukafutwa. Dalali, aliyekuwa ameshaandaa kengele yake, alisikitika. Karatasi zilichukua wiki kadhaa, kama karatasi zinavyopenda. Mwenye nyumba wa Homa Bay alionyeshwa makubaliano yenye mhuri, akaongeza wiki mbili na akanywa chai bila kukohoa hata kidogo.

Lilibaki tuta. Zadock alipendekeza koleo na nusu saa. Motari, aliyerudi kutoka Nyamira kwa ajili hiyo tu, alishtuka. Kaburi lililotajwa jina la mtu halisawazishwi hivihivi, alisema. Shimo lililoahidiwa mtu litadai mtu, na jina lililotajwa ni lake. Ni lazima lipewe kitu cha kuzikwa badala yake. Linet alikubaliana naye kabisa. Kwao pia ingefanywa hivyo. Kerosi alisema dini haiamini mambo hayo, kisha akaenda mwenyewe kukata mgomba.

Hivyo ndivyo mtaa mzima, ulioitwa kwa heshima, ulivyohudhuria mazishi ya shina la mgomba. Walikuja wote walioleta sukari, wengine wakiwa wamenuna, mpaka walipomwona Motari amekaa mstari wa mbele katika viti vya wafiwa. Kerosi alisimama akawaomba radhi. Hakutaja mambo ya Mungu. Alisema alilundika udongo kwa sababu aliogopa, akaacha waamini kile walichoamini, na akala sukari yao. Mama mmoja aliyekuwa ametoa paketi nzima alisema, "Ungetuambia una shida tungekuletea unga pia," na hapo mzee alishindwa kuendelea. Shina likashushwa. Motari alitupa udongo wa kwanza, akalitakia safari njema kwa niaba yake. Watu walicheka hadi wakashikana. Sukuma wiki ilikanyagwa yote, na Nyaboke akasema sasa ndiyo mazishi.

Siku ya kuhama, Kerosi na Nyaboke walikuwa wamepata nyumba ya kupanga karibu na shule ya wajukuu, vyumba viwili, iliyolipiwa mbele. Pikipiki ya magurudumu matatu ilibeba vitanda. Nyaboke alimzungusha Linet akimwonyesha mambo ambayo hayamo kwenye hati. Mlango wa nyuma huinuliwa kwanza ndipo usukumwe. Dirisha la chumba kidogo lisifunguliwe upepo ukitoka ziwani. Kuku wa jirani hutaga nyuma ya tangi na jirani hajui. Aliyasema bila kusita, kama anayemkabidhi mtoto kwa matroni wa shule. Mwisho akataka kufagia. Linet akamzuia, wakanyang'anyana ufagio kwa adabu, Nyaboke akashinda. Alifagia mpaka kwenye lango, akamkabidhi funguo, akaondoka bila kugeuka.

Linet alibaki katikati ya sebule isiyo na kitu. Zadock alikuwa nyuma akishusha magunia. Linet hakuketi, kwa kuwa hakukuwa na pa kuketi, na pia kwa sababu mwili wake ulikuwa bado unasubiri mtu aje akohoe.

Haikupita hata saa moja, sauti ikasikika langoni.

"Hodi?"

Ilikuwa ya Nyaboke. Alikuwa amesahau mwiko wake mkubwa wa ugali nyuma ya mlango wa jikoni. Linet alisikia ile hodi, akangoja mwenye nyumba aitikie. Kimya. Zadock naye alikuwa amesimama na gunia begani, anangoja.

"Hodi jamani?" sauti ikaita tena, sasa ikitetemeka kidogo, maana yule mwanamke hakuwa amewahi kupiga hodi pale.

Linet alitoka mbio mpaka langoni, akalifungua lango lote. "Karibu!" alisema, na ulimi ukamtangulia kwa desturi ya miaka yote. "Karibu mama, ingia, hapa ni kwako!"

Wakatazamana.

"Yawa, jamani," alisema Linet, akiziba mdomo. "Nisamehe. Sikutaka..."

Nyaboke alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamefika karibu, lakini cheko lilifika kwanza. "Unakaribisha vizuri," alisema. "Lakini umechelewa kuitikia. Enzi zangu mtu akipiga hodi mara ya kwanza tu, nilikuwa nimeshamkalisha." Akavua viatu mlangoni, kama mgeni, akaingia kuuchukua mwiko wake.